Riwaya ya mapenzi ya vitabu vingi: namna ya kufanya stori isijipinge

Kuandika kitabu kimoja cha mapenzi ni kazi, lakini kuandika vitatu vinne vyenye watu walewale ni kazi ingine kabisa, ju msomaji wa mapenzi hasahau kitu. Tuseme mapenzi yako ni ya Neema na Kambale: mwenye alilia pamoja na Neema kwenye kitabu cha kwanza anakumbuka Kambale alimwacha pale Petite Barrière, mpaka wa Goma na Rwanda, ukija kitabu cha tatu ukasema waliachana bandarini, anaona umemdanganya. Na hapa Goma wengi tunaandika kwa telefone, tunatuma kipande kwa kipande kwenye grupu za WhatsApp, kwa hiyo kile umeshatuma kimeshatoka, hakirudi. Ndiyo maana lazima ujipange mbele.

Tafuta kaye, yaani daftari. Kaye ya kweli, na biki, ju telefone inaibiwa na umeme unakatika siku ile njo unataka kuandika. Kila mtu wa stori mpe kurasa mbili, halafu shika sheria moja: andika kile kimeshatoka kwa wasomaji, siyo kile kiko kichwani mwako, na pembeni weka namba ya kitabu na ya sura. Kichwani Kambale anaweza kuwa na alama ya jeraha mkono wa kushoto tangu siku ya kwanza, lakini kama haujawahi kuiandika, msomaji haijui, na kama uliandika kulia basi ni kulia mpaka mwisho. Kila jioni ukimaliza kuandika, dakika kumi za kaye. Usingoje kitabu kiishe, hautakumbuka.

Kwenye majina ya familia fanya angalisho sana, kwetu jina linaweza kusema mutu alizaliwa wa ngapi. Ukimwita kijana wako Kambale, kwa Wanande, kabila la huku Kivu ya Kaskazini, huyo ni mtoto mvulana wa pili, kwa hiyo juu yake kuna kaka, Paluku ao Mumbere, na akija mdogo wake wa kiume ataitwa Kasereka. Ni zawadi kubwa kwa mutu wa kuandika vitabu vingi, ju tayari uko na mashujaa wa kitabu cha pili na cha tatu mezani. Lakini kitabu cha nne ukiandika Kambale ni kifungua mimba, msomaji wa Butembo, mji wa Wanande, atakushika palepale. Chora mti wa ukoo kabla ya sura ya kwanza, hata wale haujui kama watatokea.

Miaka sasa. Hapa wakati unahesabiwa na volkano, utake usitake. Nyiragongo ilitapika tarehe 17 Januari 2002, lava ikapita katikati ya mji mpaka ziwani, tena ikashuka Jumamosi jioni tarehe 22 Mei 2021, na tarehe 27 watu wa mitaa 10 kati ya 18 wakaambiwa waondoke. Kama Neema alizaliwa wiki ile ya 2002 mama yake akiwa njiani anakimbia, Mei 2021 iko na miaka 19, haiwezi kuwa 23 na diploma mkononi. Mimi ningekushauri ukurasa mzima wa kaye uwe wa usiku ule: nani alikimbilia Sake, nani alivuka Rwanda, nani alibaki kulinda nyumba, nani alimpigia nani simu ikakosa rezo. Kila mutu wa hapa anajua alikuwa wapi, na watu wako pia lazima wajue, tena wasibadilishe. Hata mwanga mwekundu juu ya mlima, wenye sisi wote tunapenda kuweka kwenye busu la kwanza, usiuweke wiki iliyofuata, ziwa la moto la juu ya volkano lilikuwa limemwagika. Na kama stori ni ya 2025, bwana asishuke na ndege Goma mwezi wa tano, uwanja ulifungwa mwisho wa Januari. Saa za kufunga barière nazo zimebadilika mara nyingi, uliza za mwaka wako. Mvua, angalia tu usiwalowanishe kila wiki ya mwezi wa saba.

Mimba inahesabiwa wiki 40, na wasomaji wanahesabu kwa vidole. Ndoa Desemba, mtoto Juni? Sawa, lakini basi iwe umekusudia, na mama mukwe naye ahesabu.

Doti, yaani mahari, inaangusha watu wengi. Tuseme Neema ni Mushi (mtu wa kabila la Bashi) wa Bukavu, kwao wanaomba ng'ombe, na kwa kina Kambale wamezoea mbuzi. Andika kwenye kaye walikubaliana ng'ombe ngapi, ngapi zilifika, ngapi zilibaki deni, na nani alisema atalipa. Lile deni linaweza kubeba kitabu cha pili chote, lakini tu kama hesabu ni ileile. Tena hatua zina mpangilio wake: kujitambulisha, doti, komini (ndoa ya serikali), kanisa, na kila hatua inabadilisha namna watu wanaitana. Wadogo zake Neema walikuwa wanamwita Yaya Kambale, kuanzia siku ya doti ni shemeji, na baba yake Neema siyo tena Papa Neema ila baba mukwe. Ukisahau hiyo, msomaji anahisi kuna kitu hakiendi hata kama hawezi kusema ni nini.

Lakini yote hayo, tarehe na jeraha na ng'ombe, siyo yenye inaua mfululizo wa mapenzi. Yenye inaua ni moyo kurudi nyuma. Kitabu cha kwanza kimetumia kurasa 200 kumfundisha Kambale kusema ukweli, kitabu cha pili anaficha barua ju tu mwandishi amekosa ugomvi mpya. Hapo msomaji anaona machozi yake yote yalikuwa bure. Kwa hiyo ukurasa wa muhimu kuliko yote kwenye kaye ni huu: nani anajua nini, tangu sura gani, na nani amesamehe nini. Tuseme Neema alishajua juu ya mpenzi wa zamani wa Kambale, akasamehe, ile siri imekufa, usiifufue. Ukitaka ugomvi, utoe nje yao ao kwenye kidonda kingine chenye hakijawahi kuguswa: kazi ya mbali, mtoto hapatikani, lile deni. Na wakipita kwenye kitabu cha Kasereka kama watu wa pembeni, wapite wakiwa bado wanapendana, kwa utani wao uleule.

Kabla ya kuanza kitabu kipya soma cha nyuma kwa sauti, chote, ukiwa na kaye. Na kama kosa limeshatoka kwenye grupu, usitengeneze ndoto wala pacha wa kulifunika. Tuma ujumbe mfupi, sema mahali ni barière siyo bandari, sahihisha kwenye faili kubwa yenye utapeleka kuchapa, endelea na sura.