Dai la ajali bado liko wazi na bima ya gari inakwisha: dereva kijana afanye nini

Umegongwa kwa nyuma ukiwa umesimama kwenye taa. Kosa ni la mwenzako, gari limeshatengenezwa, lakini dai halijafungwa na sasa bei ya kuhuisha bima imepanda. Wengi hudhani kampuni imekosea hesabu. Kwa kawaida haijakosea. Kampuni nyingi huhesabu dai lisilofungwa kana kwamba kosa ni lako, mpaka fedha zote walizotoa zirudi kutoka upande wa pili. Kwao swali kubwa ni nani amebeba gharama. Ndiyo maana hata gari lililogongwa likiwa limeegeshwa, na aliyeligonga hajulikani, huweza kumpunguzia mwenyewe punguzo la kutokuwa na madai.

Kijana huumia zaidi kwa sababu bei yake iko juu tangu mwanzo na miaka yake ya punguzo ni michache. Tuseme bei kamili ni 100, na miaka miwili bila dai imempa punguzo la asilimia 30, hivyo analipa 70. Punguzo likishuka hadi asilimia 10, atalipa 90. Hilo ni ongezeko la karibu asilimia 29, kabla kampuni haijaongeza chochote kwa ajili ya ajali yenyewe. Viwango hutofautiana, kwa hiyo soma jedwali la punguzo kwenye mkataba wako.

Anza kazi wiki sita kabla ya bima kwisha. Piga simu kitengo cha madai. Wauzaji hawana majibu unayoyahitaji. Uliza: upande wa pili umekubali kosa kwa maandishi? Mmeshalipa kiasi gani, na mmetenga kiasi gani kwa malipo yaliyobaki? Mmeshaidai kampuni ya upande wa pili, na imerudisha ngapi? Kuna mtu anayedai fidia ya majeraha? Hili la mwisho ndilo huchelewesha kuliko yote, maana fidia ya majeraha haikadiriwi vizuri kabla daktari hajajua mgonjwa atapona kwa kiasi gani.

Kama hakuna majeraha na dai limekwama, mara nyingi kuna karatasi inayokosekana: mchoro wa ajali, maelezo ya shahidi, ripoti ya polisi, au fomu ambayo hukuitia sahihi. Tuma vyote kwa barua pepe moja yenye namba ya dai kwenye kichwa chake, kisha ulizia kila wiki.

Kabla ya kulipa, pata jibu la maandishi kwa swali hili: “Dai likifungwa bila kosa langu na fedha zote zikirudi, mtanirudishia punguzo langu na kukokotoa upya malipo kuanzia siku ya kuhuisha?” Kampuni nyingi hufanya hivyo, ila baadhi husubiri uombe. Ahadi ya simu haitoshi.

Kuhamia kampuni nyingine unaweza, na ile ya zamani itaendelea kushughulikia dai lako. Lakini dai linakufuata. Fomu ikiuliza kuhusu ajali, andika tarehe, kilichotokea, na kwamba bado halijaamuliwa. Ukificha, kampuni mpya inaweza kukataa kukulipa utakapopata ajali nyingine au kufuta bima kabisa, na bima iliyofutwa huulizwa kwenye fomu kwa miaka mingi. Vilevile, usimwandikishe mzazi kuwa dereva mkuu wa gari unaloliendesha wewe kila siku ili bei ishuke. Huo ni udanganyifu, na anayebaki bila fidia ni nyinyi wote wawili.

Usiache bima ikatike ukisubiri dai lifungwe. Kuendesha bila bima ni kosa la jinai katika nchi nyingi, na pengo hilo lenyewe hupandisha bei.

Dai likifungwa, omba barua inayosema limefungwa vipi. Mgawanyo wa kosa nusu kwa nusu kwa kawaida huhesabiwa kama dai la kosa lako, kwa hiyo usikubali mgawanyo huo kwa simu kabla ya kuona ushahidi wa upande wa pili. Ile sehemu ya matengenezo uliyojilipia mwenyewe, uliza kama wameijumuisha kwenye fedha walizoudai upande wa pili. Mara nyingi hudaiwa peke yake. Kisha peleka barua hiyo kwa kampuni uliyonayo sasa, hata kama si ile iliyoshughulikia ajali, ili wasahihishe kumbukumbu zako na kukokotoa bei upya.