Ukuta wa makoro bila saruji: kujenga Goma kwa ufundi wa vijiji vya Uingereza

Makoro, yaani mawe ya lava, hayana uhaba Goma, mashariki mwa Kongo. Kila anayesafisha parseli (kiwanja) hubaki na lundo asilojua alipeleke wapi, na saruji ndiyo inayomaliza pesa. Ukuta wa mawe makavu, usio na saruji wala tope, una nafasi yake hapa, mradi anayeujenga ajue kwa nini unasimama. Kuta nyingi za kupangapanga zinazoonekana Majengo, Katoyi na Ndosho hufura na kumwagika kwa sababu katikati yake ni tupu. Ukosefu wa saruji unasingiziwa bure.

Vijiji vya zamani vya Uingereza vimezungukwa na kuta za namna hii. Eneo la Yorkshire Dales peke yake lina zaidi ya kilomita 8,000. Nyingi zilijengwa karne ya 18 na ya 19, malisho ya pamoja yalipogawanywa kisheria na kila aliyepewa fungu akatakiwa kulizungushia ukuta. Vipimo viliandikwa. Katika amri za huko mwishoni mwa karne ya 18 utakuta ukuta wa futi 6 kwenda juu (mita 1.83), inchi 34 chini (sentimita 86), inchi 16 juu (sentimita 41), pamoja na idadi ya mawe ya kuvuka kutoka uso mmoja hadi mwingine. Kuta hizo bado zinazuia kondoo hadi leo.

Picha nzuri za kuta hizi zinazosambaa mtandaoni ni za eneo la Cotswolds, kwenye mawe ya chokaa ya rangi ya asali. Mawe yale hutoka ardhini kama mabamba, yanapangika yenyewe, kwa hiyo hayamfundishi mtu wa Goma mengi. Mtazame zaidi mjenzi wa Wasdale Head, kijiji kidogo cha eneo la milima la Lake District. Jiwe la huko ni la volkano za kale, nene, lisilo na tabaka wala umbo la kueleweka. Wakulima waliyang'oa mashambani ili wapate udongo, na kwa kuwa hawakuwa na pa kuyatupa, waliyarundika kwenye kuta hadi zikawa nene kupita mahitaji. Hali hiyo ndiyo yetu. Tofauti ni kwamba makoro ya volkano ya Nyiragongo bado mapya: yana matundu na yanakwaruza. Ukali huo unaumiza mikono lakini unasaidia ukuta, maana jiwe linashikana na jiwe na halitelezi.

Vipimo na kiasi cha mawe

Kwa mpaka wa parseli au bustani, jenga mita 1.20 kwa jumla: mita 1 ya mwili na sentimita 20 za mawe ya kichwa, yale ya juu kabisa. Chini upana uwe sentimita 70, juu 35. Maana yake kila uso unaingia ndani sentimita 17 hivi kwa kila mita ya kupanda. Ukijenga wima kabisa, mawe hayaegemeani, na mtikisiko mdogo unayatoa mbele.

Usizidishe urefu. Ardhi ya Goma hutetemeka. Waliokuwepo Mei 2021 wanakumbuka siku zile za mitetemeko mfululizo baada ya lava. Ukuta mkavu wa mita 1.20 ukianguka ni kazi ya kupanga upya. Wa mita 2 ukianguka ni msiba. Anayetaka lupango (ukuta mrefu wa uzio) la kuzuia wezi ajenge kwa saruji, nguzo na mkanda wa zege, na hata ukuta mfupi mkavu usiuweke ubavuni mwa chumba cha kulala wala pale watoto wanapochezea kila siku.

Mita moja ya ukuta huu ina ujazo wa mita za ujazo 0.6, nao humeza lundo la karibu 0.8, kwa sababu kwenye lundo mawe yana nafasi nyingi kati yake. Kwa mita 10 andaa mita za ujazo 9. Uzito wake ni tani 10 hivi, ndiyo maana afadhali kutumia mawe yaliyomo ndani ya parseli kuliko kuyaleta kwa lori. Mawe madogo ya kujazia yanaweza kuja kwa chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili.

Ukienda kuokota mawe upande wa Mugunga na kuelekea Sake, usishuke kwenye mabonde na mashimo asubuhi mapema wakati hakuna upepo. Mazuku hukaa humo. Ni gesi nzito kuliko hewa, haionekani, nayo inaua mtu kama inavyoua mbuzi. Ukiona wadudu au ndege wamekufa shimoni, hayo mawe yaache.

Vifaa ni vichache: nyundo ya kilo 1.5, masi (nyundo kubwa) ya kilo 4, baramini (mtaimbo), uzi, mita na mbao nne za kutengenezea fremu mbili. Ongeza glovu za ngozi, viatu vizito na miwani. Koro likipigwa hurusha vipande kama vioo, na glovu za kitambaa hazimalizi siku.

Mpaka kwanza

Sentimita 70 ni ardhi, na ardhi Goma ina maneno. Vuta uzi kati ya alama za kadasta (ofisi ya upimaji ardhi), mwite jirani na shefu wa avenyu (kiongozi wa mtaa), mkubaliane kama ukuta unakaa katikati ya mpaka au wote ndani ya parseli yako. Alama zenyewe usizing'oe wala kuzifunika. Acha zionekane chini ya ukuta.

Kuchambua mawe

Hapa wengi huruka, kisha hupoteza muda mara mbili. Kabla ya kupanga hata jiwe moja, tandaza mawe pande zote mbili za mstari, ukiacha njia ya mita moja ya kutembea. Makubwa na mazito yakae karibu. Hayo ni ya msingi. Marefu ya sentimita 50 na zaidi yaweke peke yake na mtu asiyaguse, ni ya kuvuka. Mabamba bapa ya ukubwa unaofanana yapeleke mbali, ni ya kichwa. Mengine yenye uso mmoja mzuri ni ya kuta zenyewe. Vipande vya ukubwa wa ngumi usivitupe. Mwanafunzi huona ni takataka, kumbe ndivyo vitakavyomwishia kwanza.

Msingi

Uingereza huchimba majani na udongo wa juu, sentimita 15 hadi 20, mpaka wapate ardhi ngumu. Goma mara nyingi huna cha kuchimba. Ondoa changarawe nyeusi inayotembea, ufike kwenye mwamba au udongo uliokazana. Kisha gonga kwa baramini kila nusu mita. Mlio mzito ni salama. Mlio wa debe tupu maana yake chini kuna uwazi, kwa kuwa lava huganda juu huku ikiendelea kutiririka ndani. Vunja ganda hilo kwa masi, jaza mawe, ndipo uendelee.

Panga safu mbili za mawe makubwa, uso wa nje na uso wa ndani, kila jiwe likilala na urefu wake kuelekea katikati. Lisicheze. Ukikanyaga pembeni likatikisika, lisukumie kabari kwa ndani.

Kupandisha

Simamisha fremu moja kila mwisho, zenye umbo la ukuta wenyewe: 70 chini, 35 juu, urefu mita 1. Funga uzi pande zote mbili, uupandishe kila baada ya mstari. Usijenge kwa macho, hasa kwa koro; uso wake mbovu unadanganya, na baada ya mita tatu utakuta umetoka nje sentimita 10.

Kanuni ni tatu, nazo Waingereza huzirudia bila kuchoka. Urefu wa jiwe uingie ndani ya ukuta, usilale kando ya uso. Anayelaza mawe kando anapata ukuta unaopendeza na kujaa haraka, nao ndio unaoanguka. Ya pili, kila jiwe lifunike kiungo cha mawe mawili yaliyo chini yake. Viungo vitatu vikifuatana kwenda juu ni ufa uliojengwa kwa mkono. Ya tatu, kabari huwekwa kutoka ndani. Kikokoto kilichochomekwa kwa nje ili kuziba tundu hakibebi kitu, kitaanguka mvua ya kwanza.

Sasa moyo wa ukuta. Baada ya kila mstari jaza katikati mpaka usawa wa mawe ya uso, kipande kwa kipande, kwa mkono, kila kimoja kikikazwa kati ya vingine. Usimwage kwa beleshi. Usitie udongo wala changarawe laini: maji ya mvua huvipeleka chini, katikati panabaki tupu, nyuso mbili zinainamiana na ukuta unatoa tumbo. Wawili wakijenga, mmoja upande huu na mwingine ule, wote wajaze. Akiachiwa mmoja, atajaza vibaya upande asiouona.

Kwenye sentimita 50 za urefu, weka mawe ya kuvuka kila mita moja. Upana hapo ni sentimita 52 hivi, na koro la urefu huo halipatikani kila siku. Tumia mabamba yaliyobanduka kwenye lava yenye uso laini, hata yakijitokeza kidogo nje. Ukikosa, chukua mawili ya sentimita 35, moja kutoka kila upande, yapite katikati na kulaliana ubavu kwa ubavu, kisha weka jiwe zito juu ya yote mawili. Ukuta usio na mawe haya ni kuta mbili nyembamba zilizosimama karibu.

Mwisho wa ukuta na penye mlango jenga kwa mawe makubwa zaidi: mstari huu jiwe linavuka, unaofuata mawili yanaingia ndani ya ukuta, hivyohivyo hadi juu.

Vijijini Uingereza huacha tundu la mraba chini ya ukuta, kondoo wapite au maji yatoke, na penye njia ya watu huchomeka mawe marefu matatu au manne yatokeze kama ngazi, mtu avuke bila kubomoa. Goma tundu la maji ni lazima kwenye mteremko: sentimita 20 kwa 20, na bamba zito juu yake, kila mahali mkondo unapopita. Ngazi nazo zifikirie kama watoto hukatiza hapo kwenda kuchota maji. Watavuka tu, uwape ngazi au usiwape.

Juu kabisa simamisha mabamba wima, yamebanana kama vitabu, yakivuka upana wote, kisha kaza la mwisho kwa kabari na nyundo. Uzito wake ndio unaobana nyuso mbili.

Saruji ya urembo

Masoni (waashi) wengi watakushauri upake saruji kwenye viungo vya nje ili ukuta "ushike". Kataa. Saruji ya sentimita mbili haishiki tani ya mawe, inazuia maji kutoka, tena inaficha tumbo linapoanza. Ama jenga kwa saruji kamili ndani na nje, ama acha ukuta upumue.

Ukibomoka

Watu wawili wapya wasitegemee kujenga zaidi ya mita 1.5 kwa siku. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho kinachofaa, kabla udongo haujalainika. Mvua za Septemba zikianza, tembea kando ya ukuta na uutazame kwa urefu kutoka mwisho mmoja: tumbo huonekana hivyo, ukisimama mbele yake hulioni. Fanya vilevile baada ya kila mtetemeko mkubwa.

Sehemu iliyofura usiirudishe kwa kuigonga na masi. Ibomoe kwa umbo la V, pana juu na nyembamba chini, mpaka ufike kwenye mawe ambayo hayajasogea, hata ikiwa ni msingi. Chambua mawe upya, kisha pandisha upya, kingo mbili za pembeni zikiwa na umbo la ngazi, ili sehemu mpya iungane na ya zamani mstari kwa mstari. Karibu kila mara mawe ya kujazia hupungua, kwa hiyo weka akiba ya vipande pembeni tangu siku ya ujenzi, debe tatu au nne kwa kila mita 10.