Namna ya kusaidia bila kumpanga mtu foleni getini kwako

Nauza vitenge vya jumla Kariakoo na ninakaa Mbezi Beach, ila nimekulia Tandale, watu saba chumba kimoja. Wenzangu tuliojaliwa, nasema wazi: tunatoa kidogo, na hicho kidogo tunakitoa vibaya.

Anza na anayekufungulia geti. Mlinzi, dada wa kazi, kijana wa stoo: walipe tarehe ileile kila mwezi na uwaandikishe NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, nusu yake juu yako. Hiyo usiihesabu sadaka, ni haki yao.

Ukimaliza hapo, nenda kwa Mangi, yule mwenye duka la uswahilini, mwenye daftari la madeni linaloning'inia kwa kamba pembeni ya mizani. Muulize taratibu nani amekwama. Mangi anajua kabla ya mjumbe wa mtaa, maana ndiye anayeona nani ameacha kununua mkate. Mwaka jana nilifunguliwa ukurasa mmoja: mchele kilo, sukari robo, mchele nusu, dawa ya kichwa, halafu unga, unga, unga mpaka chini. Jumla 38,400. Nikalipa, Mangi akapiga mstari kwa kalamu nyekundu. Yule mama napishana naye, tunasalimiana, hajui aliyelipa, na asijue.

Kazi nzito ni mikopo ya kausha damu. Mama wa vitumbua anachukua laki moja, hajakaa vizuri marejesho yameanza, na mtaji wote unaishia kwenye riba. Ukimpa mtaji mpya kabla deni halijaisha, umemlisha mkopeshaji. Nenda naye mpaka ofisini kwao, mlimalize lote, mrudi na risiti pamoja na kitambulisho alichoweka rehani. Hapo ndipo umnunulie karai, mchele na mafuta ya wiki moja.

Kwa wanafunzi, ada shule za serikali imeshafutwa, msingi mpaka kidato cha sita, lakini viatu, sare na madaftari bado ni vya mzazi. Nunua Desemba. Ukingoja shule zifunguliwe, mtoto atakuwa ameshakaa nyumbani wiki nzima kwa aibu. Na umpeleke akajaribu mwenyewe, kiatu cha kukisia kinabana.

Kugawa getini, acha kabisa. Ramadhani moja niligawa mchele na tambi kwangu, foleni ikafika barabarani. Bibi mmoja akasukumwa, akaanguka, mfuko ukapasuka. Akawa anaokota tambi mchangani huku vijana wanampiga picha na simu. Nilichuchumaa tukaokota wote, nikashindwa hata kumwomba radhi, machozi yalinitoka.

Siku hizi zaka yangu, ile asilimia 2.5, inaondoka usiku kwa bodaboda, mlango kwa mlango. Majina nayachukua kwa wajumbe watatu wa mitaa tofauti, kisha nampelekea Mangi ayapitie, ili isije ikawa orodha ya ndugu zao watupu.