Siku ya fani shuleni: walengeni kidato cha pili

Shule nyingi huku Masasi huandaa siku ya fani, yaani siku ya watu wa kazi mbalimbali kuja kuzungumza na wanafunzi, kwa kidato cha nne, mtihani wa Novemba ukiwa mlangoni. Mimi nashika ushauri nasaha kwenye sekondari ya kata, na naona hapo tumeshachelewa. Mtoto anaamua njia yake akiingia kidato cha tatu, anapoacha fizikia na kemia kwa kuwa ni ngumu. Baadaye anataka diploma ya uuguzi, na chuo kinamdai ufaulu wa biolojia, kemia na fizikia. Nani alimwambia mapema?

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, walenge kidato cha pili, na iwe Julai au Agosti. Barabara zimekauka, na minada ya korosho bado haijawashika watu. Usiweke Ijumaa, wageni wengi watakuwa na haraka ya msikitini.

Kwanza wape wanafunzi karatasi. Kila mmoja aandike kazi anayoitamani na swali moja analoliogopa kuuliza. Karatasi hizo ndizo zikuchagulie wageni. Usihangaike na wakubwa wa mjini Mtwara. Mtoto hajioni kwao. Mwite muuguzi wa zahanati, binti fundi umeme aliyetoka chuo cha ufundi cha VETA, karani wa chama cha msingi cha ushirika anayeelewa stakabadhi ghalani, mfumo wa kukusanya mazao ghalani na kuyauza kwa mnada.

Na mpima ubora wa korosho asikukose. Aje na sampuli, apasue mbele yao, atenge nzima na zilizooza, kisha awaonyeshe hesabu inayoamua daraja la mzigo. Watoto hawa wameokota korosho tangu wakiwa wadogo, lakini wengi hawajui kwamba kuna mtu analipwa kwa kuzipima, na kwamba kazi yake ni asilimia zile zile wanazozikimbia darasani. Ukimpata na mtafiti wa Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kule Mtwara, mbegu na magonjwa ya mikorosho yatawafungulia baiolojia kuliko daftari lolote.

Barua ya mwaliko isainiwe na mkuu wa shule, iende kwa mwajiri ili mgeni apewe ruhusa. Ndani yake weka maswali ambayo kila mgeni atayajibu: ulisoma masomo gani, nani alikulipia ada, ulikwama wapi? Mwombe aje na kifaa chake cha kazi. Nauli na chakula cha wageni vipitishwe na bodi mapema. Kumrudisha mtu kwa gharama zake ni kumfukuza.

Wagawe wanafunzi kwenye madarasa, vikundi vidogo vikizunguka kwa wageni. Kwenye bwalo wanauliza wale wale wenye sauti, hasa wavulana.

Karatasi zao zihifadhi. Kabla hawajachagua masomo ya kidato cha tatu, mwite kila mtoto na mzazi wake, muisome pamoja. Aliyeandika "nesi" huku akitaka kuacha kemia, mzungumze naye siku hiyo hiyo.