Kariri mwanzo na mwisho tu, mengine yaache

Ukiitwa kuzungumza mbele za watu, usikariri hotuba nzima. Neno moja likikuponyoka, yote yaliyofuata yanapotea nalo. Kariri sentensi mbili za mwanzo na ile ya kumalizia, basi. Hoja za katikati ziandike kwa herufi kubwa kwenye kikadi kigumu. Karatasi laini hutetemeka pamoja na mkono, na ukumbi mzima unaona.

Kwa nini mwanzo? Kwa sababu hapo ndipo moyo unapokwenda mbio zaidi: adrenalini, homoni ambayo mwili hutoa ukishtuka, imepanda, mdomo mkavu, pumzi fupi. Ulimi ukiwa na la kusema tayari, mwili unapata nafasi ya kutulia. Kabla hujafungua mdomo, toa pumzi polepole, ndefu kuliko uliyovuta. Kisha mtafute mtu mmoja mwenye uso mkunjufu, umwambie yeye sentensi ya kwanza yote mpaka nukta. Ndipo uhamie kwa mwingine.

Mazoezi yafanye kwa sauti, umesimama. Kusoma kimoyomoyo si mazoezi, ingawa wengi tunajidanganya hapo. Jirekodi kwa simu, usikilize unapokimbiza maneno na unapojaza "aaa" na "yaani". Dawa ya "aaa" ni kunyamaza: sekunde mbili za kimya kwako ni ndefu mno, kwa msikilizaji ni kawaida tu. Na ukikosea jina au tarakimu, sahihisha uendelee, usiombe radhi mara tatu.