Kabla Hujaanza Kujifunza Kijerumani Peke Yako

Nilipoamua kujifunza Kijerumani bila mwalimu, wiki ya kwanza niliimaliza nikipakua. Podikasti 11, kamusi 3, na faili la sarufi ambalo mpaka leo sijalifungua. Nilijiona mchapakazi. Kumbe muda wangu halisi, ukiondoa kazi na watoto, ulikuwa dakika 25 za asubuhi kabla nyumba haijaamka, na 10 kati ya hizo zilikuwa zinaishia kwenye kuchagua nisikilize nini. Ukiwa na muda mchache, maandalizi usiyafanye ndani ya muda huohuo. Yatengee siku moja ya mapumziko, uyamalize.

Kwanza chunguza siku zako. Kwa siku tatu andika kila mwanya unaoupata na hali unayokuwa nayo: mikono iko huru? Macho je? Mwanya wa kuosha vyombo ni wa masikio tu. Mwanya wa kukaa na kalamu ni adimu, kwa hiyo usiumalizie kwenye kitu ambacho ungeweza kukisikiliza ukiwa unapiga deki. Mimi mwishowe nilibaki na mpango huu: asubuhi mezani, habari moja fupi pamoja na maandishi yake, mchana njiani, sauti ileile, usiku, ileile tena bila maandishi. Habari moja kwa siku mbili au tatu. Inachosha, sikatai. Lakini sentensi iliyokuwa mngurumo mtupu jana, ikikufungukia leo ukiwa umesimama kwenye foleni, utacheka peke yako.

Pili, pima umefika wapi. Kama hujui hata neno moja, redio na televisheni za Wajerumani wenyewe zisubiri kidogo. Kusikiliza usichokielewa kabisa ni kusikiliza mvua. Deutsche Welle, shirika la Ujerumani linalotangaza kwa nchi za nje, lina kozi ya video ya bure iitwayo Nicos Weg, kuanzia ngazi ya A1, ya anayeanza kabisa, hadi B1, ya kati. Maliza walau A1. Baada ya hapo kuna nachrichtenleicht ya Deutschlandfunk, redio ya Ujerumani, habari kwa lugha nyepesi, maneno magumu yakielezwa palepale. Ukiiweza hiyo, rudi Deutsche Welle kwenye habari zinazosomwa polepole, Langsam gesprochene Nachrichten, ambazo huja na maandishi yake kamili. Tagesschau, taarifa ya habari ya televisheni ya saa mbili usiku, dakika 15 za kasi ya kawaida, iweke mbali kama mlima unaouona kwa dirisha.

Jiulize pia unakitaka Kijerumani cha nini, kwa sababu habari si mazungumzo. Msomaji wa habari atasema „sagte“, alisema, jirani yako wa Kijerumani atasema „hat gesagt“, maana ileile. Msomaji huyohuyo akinukuu maneno ya waziri atasema „er sei krank“, kwamba ni mgonjwa, umbo ambalo hulisikii sana watu wakipiga soga. Aliyelelewa na taarifa ya habari peke yake atajua Waffenruhe, usitishaji wa mapigano, kabla hajajua kuomba chumvi. Kama lengo lako ni kuishi na watu, chanzo chako kikuu kiwe watu wanaoongea, na habari iwe kachumbari.

Ukishachagua chanzo, kikague kabla hujakiamini. Je, kinafunguka ulipo? Vipindi kadhaa kwenye maktaba za video za ARD na ZDF, mashirika ya televisheni ya umma ya Ujerumani, havionekani nje ya Ujerumani kwa sababu ya haki za kurusha, na ni afadhali ulijue hilo leo kuliko asubuhi ya somo. Je, maandishi ya chini yanalingana na sauti? Hapa wengi tunapigwa. Wajerumani huingiza sauti zao karibu kwenye kila filamu ya nje, na sabtaito za filamu hizo mara nyingi zimetafsiriwa kivyake. Sikio linasikia neno hili, jicho linasoma lile, nawe unaanza kujiona kiziwi. Jaribu dakika moja, ukifuata neno kwa neno. Yakipishana mara tatu, achana nayo, tafuta kipindi kilichotengenezwa kwa Kijerumani tangu mwanzo. Kipindi cha Uswisi chenye watu wanaopiga soga nacho kisubiri, maana lahaja yao huwatoa jasho hata Wajerumani wa kaskazini.

Daftari ndilo ninaloligombania kuliko vyote. Amua mapema utaandikaje neno, kwa sababu ukianza vibaya utakuja kuandika upya kurasa 60, kama mimi. Nomino iandikwe na kitambulisho chake, der, die au das, na wingi wake: das Kind, die Kinder, mtoto na watoto; der Tag, die Tage, siku. Hakuna anayejifunza „kiti“ akaiacha „viti“ kwa siku nyingine, na Kijerumani nacho kina ngeli zake tatu. Viko viashiria vya kukusaidia: maneno yanayoishia -ung, -heit, -keit na -schaft huchukua die, na ya -chen huchukua das, hata Mädchen, msichana. Usibishane nalo, nasi kiongozi „amefika“, kiti „kimefika“. Neno refu lisikutishe, kata kuanzia nyuma. Kühlschrank ni Schrank, kabati, lililotanguliwa na ubaridi. Na kwa kuwa ni der Schrank, jokofu nalo ni der.

Vitenzi ndivyo vilivyonitia aibu. Siku moja nilisoma: „Der Minister lehnte den Vorschlag der Opposition am Dienstag in Berlin ab.“ Nikatafuta lehnen, nikapata kuegemea. Basi nikaelewa kwamba waziri ameegemea pendekezo la wapinzani, yaani analiunga mkono, na nikamsimulia mwenzangu hivyo kwa kujiamini. Kale ka-ab ka mwisho sikukajali. Kumbe kitenzi ni ablehnen, kukataa. Kimekatwa vipande viwili, kimoja kimekaa mwanzoni, kingine kimetupwa mwisho wa sentensi, na waziri alikuwa amelikataa pendekezo. Tangu siku hiyo, nikikutana na kitenzi, kwanza natazama mwisho wa sentensi kama kuna kipande kimebaki peke yake: ab, an, auf, aus, ein, vor, zu. Kikiwapo nakibandika mbele ya kitenzi ndipo nafungua kamusi. Na daftarini naandika sentensi nzima, kamwe si kitenzi kitupu. Hakikisha basi kamusi utakayoichagua inaonyesha kitambulisho, wingi na mkato huo. Duden ya mtandaoni inatosha, ingawa ni Kijerumani kwa Kijerumani.

Ongeza kibodi ya Kijerumani kwenye simu, ni kazi ya dakika mbili. Nukta zile mbili za juu ya herufi si mapambo: schon ni tayari, schön ni -zuri. Kuzitamka, sema „i“ huku midomo umeiviringa kama ya „u“, utapata ü; sema „e“ kwa midomo ya „o“, utapata ö. Jirekodi, usikilize, uone haya, urudie.

Mwisho, mtafute wa kuongea naye kabla hujajiona uko tayari, kwa sababu siku hiyo huwa haiji. Tuna bahati kidogo: Kiswahili kinafundishwa katika vyuo vikuu kadhaa vya Ujerumani, Leipzig na Bayreuth vikiwamo, hivyo wapo Wajerumani wanaotafuta wa kubadilishana naye nusu saa kwa nusu saa. Ila jifunze saa zao kwanza. Drei ni saa tisa yetu, na halb drei si tisa na nusu. Ni nusu ya kuielekea hiyo tisa, yaani saa nane na nusu. Mimi niliambiwa halb drei, nikajiandaa vizuri, nikafungua simu saa tisa na nusu kamili na daftari mkononi. Mwenzangu alikuwa ameshaondoka, ameniachia ujumbe wa neno moja: Schade. Nikalitafuta. Ni „bahati mbaya“.