Kabla hujaenda Ribblehead kuvizia treni za mizigo

Usianze na kamera, anza na kujua kama hiyo treni inapita kweli. Ribblehead iko kwenye reli ya Settle hadi Carlisle, kaskazini mwa Uingereza, na hapo treni za abiria hazina shida, ratiba ipo, ila za mizigo ni habari nyingine kabisa, nyingi zinawekewa nafasi kwenye ratiba afu zinatembea siku mzigo ukiwepo tu, kwa hiyo unaona imeandikwa saa tano asubuhi na hakuna kitu kinachokuja. Ingia Realtime Trains, tovuti inayoonyesha treni ziko wapi, fungua ratiba ya kina (ile ya kawaida ni ya abiria), tafuta namba ya treni inayoanza na 6 au 4, hizo ndo za mizigo. Siku yenyewe sasa cheki kama imeshaondoka ilikotoka. Ikiwa imetoka, wahi, maana saa ingine inatangulia muda wake na watu wanaikosa bado wanafunga buti.

Za kuvizia ni kokoto za machimbo ya Arcow, magogo yanayoenda Chirk kule Wales, na saruji ya Clitheroe. Injini mara nyingi ni Class 66, dizeli zilizoundwa Kanada zikaanza kuingia mwaka 1998. Kuna wanaozidharau eti zimejaa kila kona, mi siwaelewi, ngoja uisikie inapanda ule mlima wa 1 kwa 100 (kila mita 100 reli inapanda mita moja) na saruji nyuma, utaisikia muda mrefu kabla hujaiona.

Pale kwenye daraja la Ribblehead, lile la matao 24 lenye kimo cha mita 32 hivi, reli ni moja tu. Ndo maana napenda njia ya miguu inayopita karibu na Blea Moor, kaskazini kidogo ya daraja, unaweza kukuta treni ya mizigo imesimamishwa inasubiri nyingine ivuke, unapiga picha kwa raha zako. Ishara za hapo bado ni zile za mkono wa chuma, mkono wa upande wako ukinyanyuka weka kamera tayari. Kama unataka daraja lenyewe, upande wa magharibi unapata jua kuanzia mchana, yaani jua likiamua kutokea.

Koti la mvua ni lazima hata Julai, na upepo wa pale unaangusha tripodi, ning'iniza begi chini yake. Netiwaki inasumbua, piga skrinshoti za ratiba ukiwa bado mjini, na beba pawabenki na chakula. Uzio usiuruke hata kwa hatua moja, faini inafika pauni 1,000. Stesheni kaa nyuma ya mstari wa njano na uzime flashi, inampiga dereva machoni. Na treni ya kurudi icheki kabla hujatoka nyumbani, ukiikosa moja unaweza kungoja masaa mawili au zaidi.